Mpira wa Juu Haulii

Walimwita Mbio, na jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na uwanja. Kazi yake kwenye timu ilikuwa kukimbia kwa niaba ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Mama Pacha, mwanamke mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, asiyeona kabisa tangu utotoni. Mama Pacha aliweza kuusikia mpira unavyokuja akauchapa ukaenda kugonga geti la uwanja, lakini ukimwambia akimbie peke yake kutoka wiketi moja, zile fimbo fupi zinazolengwa na mrushaji, hadi nyingine, angeishia barabarani. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe na kucheka. "Mimi nipeni gongo la kupigia tu. Miguu nitaazima."

Na kriketi ya wasioona inaruhusu kuazima miguu. Mpira wake ni wa plastiki, ndani umetiwa gololi zinazochakacha ukibingirika, na mrushaji anautupa chini chini ili ulie njia nzima. Kabla hajaurusha anauliza, "Tayari?" Mpigaji anajibu, "Tayari!" Naye anapaza sauti, "Cheza!" Kuanzia hapo hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa, si kwa wachezaji wala kwa watazamaji, mpaka mpira utulie, isipokuwa mwito wa wanaokimbia. Asiyeona kabisa akishapiga, mwenzake mwenye kuona kidogo ndiye anayekimbia badala yake.

Mbio alikuwa na huko kuona kidogo. Tangu usichana wake vioo vya macho vilishikwa na ukungu, kama dirisha la bafu mtu akishaoga maji ya moto. Watu aliwaona kama nguo za kwenye kamba zilizoamua kutembea. Uwanjani alisimama pembeni mwa Mama Pacha, kichwa kakiinamisha, sikio likifanya kazi ambayo jicho lilishindwa. "Twende!" Mbio akisema, yeye mwenyewe alikwisha kuchomoka. "Tulia!" akisema, Mama Pacha alituliza hata pumzi. Miaka waliyocheza pamoja iliwafanya wajuane kama mtu na kivuli chake. Mechi ikiisha walishikana mkono hadi kituoni, Mama Pacha akisimulia ubishi wa mapacha wake wawili wa kiume, ambao sasa walikuwa na ndevu lakini bado waligombania kiti cha dirishani.

Siku za kazi Mbio alikuwa dobi kwenye hoteli kubwa. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, joto tupu, mashine zikinguruma, harufu ya sabuni ikikaa kwenye nywele hata siku ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka, na shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Alikuwa na mwenzake, mama mmoja mchekeshaji aliyekuwa na habari za kila mtu. Wakishika pembe, wakivuta, wakisogeleana, mikono ikikutana, wakiachana tena, kutwa nzima. Mdomo wa yule mama haukupumzika hata mashine zilipozimwa.

Alikaa kwa kaka yake, kwenye chumba cha nyuma. Kaka na wifi walimtunza vizuri. Wifi akiingia alisema, "Ni mimi." Akimwekea chakula alimwambia kilipo, nyama huku, wali huku, maji mkono wa kulia, usiyamwage. Akivaa gauni jipya aliligusisha kwenye vidole vya Mbio na kumweleza rangi yake kwa kutia chumvi: "Jekundu hili, wifi, la kumkasirisha mtu."

Basi, hospitali ikampigia simu. Kioo cha jicho cha kupandikizwa, alichokuwa akikisubiri kutoka kwa marehemu aliyekitoa, kimepatikana, aje.

Upasuaji ulifanywa, miezi ikapita, nyuzi za mshono zikatolewa moja moja, na kila zilipotolewa dunia ilizidi kukaza kingo zake. Kwanza aliona ncha za vidole vyake. Kisha akaona kwamba ukuta wa chumba chake, ambao aliudhani mweupe, ulikuwa na michirizi ya maji ya mvua. Kisha siku moja kliniki daktari akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, naye akashuka nazo mpaka mstari wa chini, na daktari akapiga makofi kama mtu aliye harusini. Nyumbani wifi alipiga vigelegele. Kaka alilia waziwazi, kamasi na yote, kisha akasema ni vumbi.

Shangwe ilidumu wiki kadhaa. Ilipokwisha, Mbio aligundua kitu ambacho hakumwambia mtu: nyumba ilikuwa imenyamaza. Wifi aliingia na kutoka bila kusema ni yeye. Chakula kiliwekwa mezani, basi, kipo. Gauni jipya lilipita mlangoni kimyakimya, na Mbio akaliona, na kwa kuwa aliliona hapakuwa na la kusimuliana. Hakuna aliyemkosea. Walikuwa wamepumzika tu, kama mtu anavyotua mzigo ambao hakuwahi kuulalamikia.

Kazini walimpongeza na kumpandisha. Msimamizi alimtoa kwenye kukunja akamweka kwenye meza ya madoa: chumba kidogo kando, taa kali juu, rundo la mashuka upande huu na jingine upande ule. Alipitisha kila shuka chini ya taa akitafuta mabaki ya damu, ya rangi ya mdomo, ya chai. Ilikuwa kazi ya heshima. Ilikuwa pia kazi ya mtu mmoja. Kupitia kioo cha mlango alimwona mwenzake wa zamani akikunja na msichana mpya, midomo ikienda, vicheko vikipasuka, na mashine zikimeza kila neno.

"Naomba nirudi kukunja," alimwambia msimamizi.

"Macho mazuri hivyo yaende kukunja? Acha utani, dada."

Sasa ndipo uwanja ulipobaki kuwa kila kitu. Mbio alijua sheria, kila mchezaji aliijua: timu ni ya wasioona na wenye kuona kidogo, na kidogo hicho kina mpaka. Yeye alikuwa ameuvuka mpaka huo zamani. Siku aliyorudi mazoezini baada ya matibabu, wenzake walimzunguka, mikono ikimpapasa mabega na mashavu. Alisimama katikati yao akiwatazama kwa mara ya kwanza, na hakumjua hata mmoja. Nyuso zilikuwa za wageni. Ilibidi afumbe macho, asikilize, ndipo akamjua huyu kwa kikohozi chake na yule kwa anavyoburuta kiatu. Mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizosukwa vizuri na kovu jeupe shavuni alimshika viganja akauliza, "Sema, mdogo wangu. Wamekupa nini?" Sauti ndiyo ya Mama Pacha.

Mbio aliinamisha kichwa kama zamani. "Haikushika vizuri," alisema. "Kidogo changu kimebaki kilekile. Labda kimeongezeka kidogo tu."

Mama Pacha akamvuta kifuani akaanza kulia, kilio cha kweli, mabega yakitikisika. "Pole, mdogo wangu. Pole sana. Nilikuwa nimekuombea mpaka nimechoka." Mbio alisimama ndani ya mikono ile akiona kila kitu: nyasi, mistari ya chokaa, chozi lilipokatiza juu ya lile kovu. Alijisikia mwizi, na hata hivyo hakutaka kuachiliwa.

Kabla ya mashindano makubwa kulikuwa na upimaji wa macho. Mpimaji, kijana mpole, alimkalisha kitini, akamwonyesha alama zinazofanana na uma na kumtaka aelekeze kwa mkono meno ya uma yanatazama wapi. Mbio aliyaona meno yale hata wino ulipochuja pembeni. Akaelekeza kushoto yalipotazama juu. Akaelekeza chini yalipotazama kulia. Zile kubwa kabisa akazipatia, kwa kusitasita, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Usijilazimishe, mama," kijana alisema. "Pole pole tu."

Upole ule ndio uliomchoma. Alitoka akiwa amepitishwa.

Kwenye mashindano timu yao ilikwenda mbali kuliko ilivyowahi kwenda. Mama Pacha alikuwa moto. Alikwisha kutangaza kwamba huu ni msimu wake wa mwisho, magoti yamegoma, na alitaka aondoke akiwa amegusa kombe walau kwa kidole. Kila jioni ya mazoezi aliuliza kombe hilo lina masikio mangapi, maana asingependa kulishika vibaya mbele za watu. Mbio alimkimbilia vizuri, akijizuia, akichelewesha mguu makusudi ili asionekane ameuona mpira kabla ya kuusikia. Ni kazi kubwa kujifanya kipofu ukiwa miongoni mwa vipofu. Aliporudi nyumbani alihisi kichwa kama kimefungwa kamba.

Nusu fainali wapinzani walikuwa wakipiga, na walikuwa wanakaribia kushinda. Timu ya Mbio ilitawanyika uwanjani kuzuia. Mama Pacha alisimama karibu na mpigaji, mikono imekunjuliwa kama mtu anayesubiri kupokea mtoto. Mbio alikuwa nyuma yake, mbali kidogo, karibu na mstari wa mpaka.

"Tayari?"

"Tayari!"

"Cheza!"

Mpira ulilia ukija, gongo likaupata kwa chini, nao ukapanda. Na mpira ukipanda, gololi zinatulia ndani yake. Haulii. Kwa mtu wa mchezo ule, mpira uliopanda umetoweka, hauko popote mpaka uanguke. Uwanja wote uligeuza vichwa huku na huku, ukisubiri mlio.

Mbio aliuona. Ulikuwa mweupe, juu kwenye anga la buluu, mzuri, ukizunguka taratibu, na miguu yake ikaondoka bila kumuuliza. Alikimbia moja kwa moja, akapita nyuma ya Mama Pacha, akanyoosha mkono mmoja na kuudaka juu ya kichwa chake. Mpira ukalia kidogo ulipoingia kiganjani, kama kitu kilichoamshwa.

"Nimedaka!" alipiga kelele, na hapo ndipo alipojua alichofanya.

Mwamuzi alinyoosha kidole. Mpigaji akatoka, maana mpira wake ukidakwa kabla haujagusa ardhi hana nafasi tena. Kocha alirukaruka, wenzake wakaja mbio mbio kufuata sauti yake, wakamwangukia. Alikuwa chini ya rundo la watu wanaocheka na kumbusu kofia, na alipochungulia kati ya mikono alimwona Mama Pacha. Alikuwa amesimama palepale, mikono imeshuka.

Walishinda. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mama Pacha alisubiri wengine watoke kwenda kunywa maji. Alikuwa ameketi kwenye benchi akifungua kamba za viatu, na hakuharakisha.

"Mpira wa juu haulii," alisema.

Mbio aliufunga mlango wa chumba.

"Nimesikia miguu yako. Ilianza mpira ukiwa bado hewani. Hukusimama kusikiliza, hukugeuka. Umekwenda kama mtu anayekwenda kwenye mlango wa nyumbani kwake."

"Mama Pacha..."

"Unaona."

"Naona."

"Tangu lini?"

"Tangu walipotoa nyuzi." Mbio aliketi chini, kwenye sakafu, miguuni pake. "Nilijua mtanitoa."

"Ndiyo. Tungekutoa. Tungekufanyia sherehe, tungekuimbia mpaka koo likauke, halafu tukakutoa." Mama Pacha alikitoa kiatu akakiweka kando ya kingine, akivipanga kwa vidole. "Mimi nililia, mdogo wangu. Umeniacha nilie."

"Kule sina mtu, dada. Ninaona, lakini sina mtu."

Mama Pacha alinyoosha mkono hewani kumtafuta, akakipata kichwa chake, akakigusa kidogo tu. Kisha akauondoa.

"Na yule binti uliyemtoa leo? Amerudi kwao akidhani amezidiwa na asiyeona mwenzake."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakumtisha, hakumwambia nenda kaseme. Mbio aliinuka, akapiga moyo konde, akaenda kwa Kocha aliyekuwa nje akipiga simu kwa furaha, akamwambia yote kabla hajapata muda wa kujifikiria.

Ushindi ulifutwa. Wapinzani waliingia fainali, na timu ya Mbio ikaenda nyumbani. Wapo waliomrushia Mbio maneno makali, na wapo walionyamaza, na hao walionyamaza ndio aliowaogopa zaidi. Mama Pacha hakuwa upande wowote. Alipanda basi la timu akishikwa mkono na mtu mwingine. Mbio hakuweza kupanda. Alitembea na begi lake hadi alipopata usafiri wa peke yake, akisoma kila kibao cha duka njiani, kila kimoja, bila kutaka.

Baada ya hapo siku zilikwenda zilivyokwenda. Aliamka, akatazama mashuka chini ya taa, akarudi. Wifi alimwona amekonda akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni joto la kazini. Alijaribu klabu moja ya mbio za wanawake wanaoona. Walikuwa wakarimu, lakini walikuwa wamekwisha kujuana, na walikimbia na vidude masikioni, kila mmoja na muziki wake. Hakurudi.

Msimu mpya ulipoanza alisikia kutoka kwa Kocha, aliyekutana naye sokoni akamsalimia bila kinyongo, kwamba Mama Pacha ameahirisha kustaafu. "Anasema magoti yamembembeleza," Kocha alisema. Siku ya mechi ya kwanza Mbio alikwenda. Alikaa kwenye ngazi za watazamaji, mstari wa nyuma, ingawa hapakuwa na wa kujificha naye: hakuna mchezaji ambaye angemwona.

Mama Pacha aliingia kupiga. Pembeni mwake alisimama mkimbiaji mpya, dada mrefu mwenye hofu, akijifuta viganja kwenye suruali. Mpira ulikuja, Mama Pacha akauchapa vizuri kwenda kulia. "Twende!" yule dada akaita, akachomoka. Lakini mzuiaji alikuwa amekwisha kuupata. Mbio aliuona mkono wake ukiinuka kurusha. Aliona kila kitu, njia nzima ya mpira na mahali ambapo yule dada angekuwa ukifika. Neno lilimjaa mdomoni. Rudi. Neno moja tu. Aling'ata ngozi ya kidole gumba mpaka ikauma, na uwanja ukabaki kimya kama sheria inavyotaka, na wiketi za chuma zikalia, zimegongwa na mpira kabla yule dada hajafika.

Mama Pacha alitoka. Mbio alimwona akimpapasa yule dada mgongoni, akimwambia kitu kilichomfanya acheke machozi yakiwa bado yanamtoka. Wenzake wakawazunguka. Mbio alishuka ngazi, akafika hadi kwenye uzio, akasimama hapo. Kisha akageuka akaenda zake.

Jioni, akiwa anapiga pasi sare yake ya kesho, simu ililia.

"Ni mimi," Mama Pacha alisema, kama vile waliongea jana. "Nilikuwa na hamu ya kumsimulia mtu anayejua mchezo. Hawa wanangu ukiwaeleza kriketi wanakujibu habari za chakula."

Mbio aliizima pasi.

"Upo?"

"Nipo, dada."

Basi akasimulia. Alisimulia mpira ulivyokuja, gongo lilivyoupata, sauti tamu ya kugonga ambayo, kwa maelezo yake, ilisikika mtaa wa pili. Mrushaji alikuwa jitu. Mzuiaji alikuwa na mikono kumi. Mbio alisikiliza, akiwa ameegemea ukuta wenye michirizi.

"Nilikuwepo," alisema mwishowe.

"Ulikuwepo? Ukakaa kimya?"

"Si ndiyo sheria?"

Mama Pacha aliangua kicheko, kile chake cha kutoka tumboni, halafu kikapungua. "Ungekuja kunisalimia."

"Nilikuona umezungukwa na watu."

"Mimi ningekuja moja kwa moja. Nisingejua kama kuna watu." Akavuta pumzi. "Bado nina hasira na wewe, ujue. Si kila siku. Hasa nikilikumbuka lile kombe ambalo sikuligusa."

"Najua."

"Yule dada anajifunza. Ana woga, lakini anajifunza. Hajawa kama wewe." Nyuma yake sauti nzito mbili zilianza kubishana, na moja ikamwita mama. "Haya, wameanza. Ngoja niwaamue kabla hawajang'oana meno. Nitakupigia mechi ijayo nikusimulie. Au uje. Ukija, useme umekuja."

"Nitakuja," Mbio alisema, lakini simu ilikuwa imekatika.

Alikaa nayo sikioni kitambo. Sebuleni kaka na wifi walikuwa wakitazama televisheni. Mlango ulikuwa wazi, na aliwaona vizuri, mmoja kasinzia, mwingine kakunja miguu kochini. Wifi aligeuza kichwa, macho yao yakakutana, akatabasamu kidogo, akarudi kwenye televisheni. Mbio aliiwasha pasi tena, akasubiri ipate moto, akamalizia kola ya sare.